Eyo Katikati ya Litania

"Eyo."

Neno hilo lilitoka nyuma, karibu na mlango, likapita juu ya vitambaa vya vichwa vya wanawake, likaanguka katikati ya kanisa kama mfuniko wa sufuria. Padri ndiyo kwanza alikuwa ameutaja Moyo wa Yezu, na waumini walikuwa wamekwisha kufungua vinywa ili waitikie "utuhurumie", kama walivyoitikia kila jioni ya mwezi ule wa Juni. Waliitikia, lakini kwa kuchelewa kidogo, na si wote.

Delphine, aliyekuwa amepiga magoti mbele pamoja na akina mama wabatizwa, hakugeuka. Alijiambia kwamba ni mtoto wa mtu. Kisha akajiambia kwamba ni kikohozi, kwa kuwa baridi ya Juni ilikuwa imewakohoza watu wengi pale Elisabethville, na kikohozi huweza kufanana na neno lolote.

"Moyo wa Yezu," Padri akaendelea, macho yake yakiwa kitabuni.

"Eyo, moyo," sauti ikajibu, safari hii kwa utulivu na adabu, kama mtu amwitikiaye jirani aliyepita uani.

Hapo shaka ikaisha, na nafasi yake ikachukuliwa na kitu kibaya zaidi ya shaka. Ilikuwa sauti ya Tshibola, rafiki ambaye Delphine alikuwa amemwalika.

Litania ya Moyo Mtakatifu si fupi. Padri, mzee ambaye masikio yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, hakusikia lolote. Alisonga mbele kwa mwendo wake ule ule, na kila alipoutaja Moyo, Tshibola alimwitika. Mabega ya akina mama yakaanza kutikisika. Mama Adolphine, aliyekuwa mkuu wao, aliuma ncha ya kitenge chake. Katekista Paulin akainuka kitini pake, akatembea taratibu mpaka kwenye benchi la mwisho, akasimama hapo mikono nyuma. Tshibola akamtazama, akamwinamishia kichwa kwa heshima, akaendelea kuitika. Delphine aliyaona hayo kwa pembe ya jicho, na kitabu cha sala mkononi mwake kikawa kama ubao ambao hakuna aliyeandika juu yake kitu.

Nje, jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya bomba refu la kiwanda cha shaba, na wanawake walikuwa wakijifunika mabega kwa haraka.

"Delphine," Mama Adolphine akaita, sauti yake ikiwa bado na kicheko ndani, "munkoyo yako ya leo uliweka nini ndani? Mugeni wako analewa mbele ya Sakramenti."

"Hakunywa kitu, mama."

"Basi njo mbaya zaidi. Kama alikuwa mulevi, tungemusamehe."

Wenzake wakacheka waziwazi sasa, wakipigana viganja. Delphine naye akacheka kidogo, pasipo kujua ni kwa nini, kisha akaona aibu ya kicheko chake. Paulin alikuwa akimngoja penye ngazi. Hakuwa mtu mkali wa moyo, ila alikuwa amelelewa misheni ya Baudouinville, akajifunza huko Kiswahili cha vitabu, na hata mazikoni aliweza kumsahihisha mfiwa.

"Mama Delphine, ni nani aliyemfundisha mgeni wako kumkatiza Padri?"

"Sijue, Mwalimu."

"Sijui," Paulin akasema. "Ulimwalika wewe?"

"Njo mimi."

"Ulikuwa umeketi naye?"

Delphine akasita. "Nilimuweka pa nyuma, pale pa bageni. Mimi nikaenda mbele."

"Vyema. Ndiyo kanuni." Paulin akaikunja mikono yake. "Jumapili hii, kila mama atamleta mbele rafiki aliyemwalika mwezi huu, nami nitawavisha wageni medali ya wanafunzi wa dini. Huyo wako asije, isipokuwa kwanza aombe msamaha mbele ya akina mama, hapa hapa mlangoni. Litania si mchezo."

"Ndiyo, Mwalimu," Delphine akajibu, ingawa hakujua ni kitu gani alichokikubali.

Tshibola alikuwa amesimama penye ua, akijisugua mikono kwa baridi. Alipomwona Delphine, uso wake ulifunguka.

"Mamu Delphine, aksanti. Aksanti sana. Ule mupe, padri yenu, iko muntu muzuri."

Delphine akamtazama. Tangu mwanamke huyu ashuke kutoka kwenye treni ya Kasai, mwishoni mwa mvua, hakuwa ameyaona meno yake hata siku moja. Mumewe, Clément, alikuwa mchochea moto wa garimoshi. Aliondoka na treni, akarudi mweusi na mwenye usingizi, akaondoka tena. Penye bomba la maji la kambi ya reli, wanawake walimwita Tshibola "ule wa kule", bila kusema kule ni wapi. Alichota, akajitwika, akaingia ndani, akafunga mlango. Asubuhi moja, harufu ya uji wa munkoyo uliokuwa ukipoa ilimtoa nje, akasimama penye ua wa Delphine na kuuliza ni kitu gani kile. Sauti yake ilikwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi, na Delphine akafahamu kwamba mwanamke huyo alikuwa ameishi wiki nzima pasipo kusema na mtu.

Tangu siku hiyo walikuwa wakipika pamoja. Delphine alipoambiwa kanisani kwamba kila mama amlete rafiki, hakuhangaika kutafuta. Alikuwa naye mmoja, naye ndiye huyu.

Walitembea kuelekea kambini. Mara kadhaa Delphine alilifikisha swali mpaka kwenye meno: ulikuwa ukimjibu nani? Lakini Tshibola alikuwa akiimba kwa pua wimbo wa kwao, akirusha kanga yake begani, akawasalimia hata watu wasiomfahamu, na swali likarudi lilikotoka.

Nyumbani, Rigobert, mume wa Delphine, alikuwa akipigilia misumari kwenye kiatu chake cha kazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Labda kwao banasali vile," akasema.

"Kwao hakusali hata siku moja. Njo maana nilimwita."

"Basi umuulize."

"Nikimuuliza, atajua kuko makosa."

"Na usipomuuliza?"

"Nitabaki hivi."

"Hivi namna gani?"

"Hivi. Bila kuelewa."

Rigobert akautoa msumari mmoja mdomoni. "Mimi, bibi yangu, iko maneno mingi mu ile litania, toka niko mutoto sijue inasema nini. Ninaitikia tu. Hakuna mutu alinikamata."

Delphine alilala na mawazo yaliyokuwa yakigombana. Labda Tshibola alikuwa na dhihaka iliyofichwa chini ya upole. Labda alikuwa na maradhi ya kichwa, ambayo Clément hakuyasema. Labda ni Delphine mwenyewe aliyekosea, kwa kumwita mtu mahali ambapo hakumweleza kitu chochote kuhusu mahali penyewe. Kila wazo lilikuwa na ukweli wake, na hakuna hata moja lililokaa sawa juu ya uso ule uliokuwa ukitabasamu penye ua wa kanisa.

Siku ya pili yake walitengeneza munkoyo. Uji ulikuwa umepikwa alfajiri, ukaachwa upoe mpaka kidole kiweze kuuvumilia. Delphine alikuwa ameitwanga mizizi iliyoletwa kutoka porini, upande wa Kasenga, mpaka ikawa nyuzinyuzi za rangi ya kutu. Akaitia ndani ya uji, akaanza kukoroga. Hapo ndipo kazi hii inapomshangaza kila asiyeijua: uji mzito, unaosimamisha mwiko, hulegea wenyewe, ukawa mwepesi kama maji, wala hakuna tone la maji lililoongezwa.

"Kila siku ninaangalia," Tshibola akasema, akiwa ameshika ungo wa kuchujia, "na kila siku sielewe maji inatoka wapi."

"Hata mimi sijue. Mama yangu naye hakujua."

Wakakoroga. Kisha Tshibola akasema polepole, "Mamu, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Ule mupe, munakosana naye?"

"Kukosana namna gani?"

"Kwetu, muntu akikuambia moyo, unamuitika eyo. Hata kama uko na hasira naye. Ile njo salamu. Moyo njo maisha: anakupatia maisha, na wewe unamurudishia. Sasa ule muzee, jana, alisema moyo, moyo, moyo. Bote munaangalia chini."

"Tulijibu," Delphine akasema, mkono wake ukiwa umesimama ndani ya chungu.

"Mulijibu maneno ingine. Muzee wa batu anasalimia mpaka sauti inakauka. Nikawaza, pengine bako na neno naye, shauri ya zamani. Lakini mimi niko mugeni, sina neno naye. Nikamuitika." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hata wewe, mamu. Ulikuwa karibu naye kabisa. Haukuitika."



"Toka tufike mu hii mugi," Tshibola akaendelea, "hakuna mutu ananisalimia na luga ya kwetu. Hata bantu ba kwetu, bako mbali, ku kambi ingine. Ule njo wa kwanza. Tena Muzungu. Nilimwambia Clément, hakuamini."

Delphine akaanza tena kukoroga, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Neno moyo alikuwa amelisema tangu utotoni. Alizaliwa kambini, baba yake akiwa mjenzi wa reli, na Kiswahili ndicho kilichomlea. Lilikuwa neno zito, lililotulia, ambalo mtu angeweza kusimamisha mwiko ndani yake. Sasa lilikuwa limelegea mikononi mwake. Alijaribu kulisema kimyakimya, na hakujua tena kama alikuwa akiomba au akisalimia.

Jambo lingine lilimjia nyuma ya hilo, nalo lilimchoma zaidi. Kanisani mlikuwa na watu tele jioni ile. Akina mama walimpita Tshibola wakiingia, wakampita wakitoka. Yeye mwenyewe alimketisha penye upepo, akamwonyesha benchi kwa kidole, akaenda zake mbele. Salamu pekee ambayo mgeni wake aliipata ni ile ambayo haikuwa salamu.

Jumamosi akamwendea Paulin. Alimkuta nyuma ya kanisa, akiwafundisha watoto Ishara ya Msalaba, akawangoja waondoke, akamweleza kila kitu. Alitazamia kwamba atacheka. Njiani alikuwa amekisikia kabisa kicheko hicho, na baada yake maneno mepesi: mlete, Mama Delphine, mlete tu.

Paulin hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kwa hiyo alikuwa akimsalimia Padri."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Katikati ya Litania."

"Hakujua kama iko Litania."

Paulin akatazama chini, kama mtu atafutaye ukurasa. "Mimi nilidhani ni dharau, na dharau ina adhabu yake. Hili sijui nilipe jina gani. Kama hajui neno, hata akiomba msamaha, atakuwa akiomba msamaha wa kitu asichokijua, na hiyo nayo si haki." Akamtazama Delphine, na ilionekana kwamba naye hakupenda kule maneno yake yalikokuwa yakienda. "Basi abaki nyumbani kwanza. Mtu amweleze. Atakapoelewa, atakuja."

"Na medali?"

"Akija kesho, akamwitika Padri mbele ya watu wote, nitamtoa nje mimi mwenyewe. Wataka nimtoe nje, mama?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata mimi sitaki."

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko alivyotaka. Kama angenyamaza, Tshibola angekwenda kesho na furaha yake yote, na kuambiwa mlangoni, mbele ya Adolphine na wenzake. Kama angesema, angemnyang'anya salamu ile kwa mkono wake mwenyewe, na labda pamoja nayo urafiki wao, kwa maana hakuona namna ambavyo kimoja kingebaki bila kingine. Alifika kabla hajamaliza kufikiri.

Tshibola alikuwa ameketi uani kwake, akinywa munkoyo kwa kikombe cha bati. Alikuwa amekifua kitenge chake cha pekee, kikaning'inia kwenye kamba kwa ajili ya kesho.

Delphine akaketi, akaweka kiganja kifuani pake. "Tshibola, sikia. Moyo, mu Swahili, iko hii."

"Hii gani?"

"Hii inapiga ndani."

Tshibola akakiweka kiganja chake kifuani pake naye, akasikiliza. "Sasa ule mupe alikuwa anasalimia nani?"

"Hakusalimia. Alikuwa anaomba."

"Anaomba moyo ya nani?"

"Ya Yezu."

Garimoshi moja likapiga filimbi kule kwenye karakana, na Tshibola akageuza kichwa, kama ilivyokuwa desturi yake kila mara, kujua kama ni la Clément.

"Mimi basi nilimuitikia Yezu."

"Sijue ulimuitikia nani," Delphine akasema, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyoyasema juma lile.

"Bamama balicheka?"

"Kidogo."

"Na wewe?"

"Ndani, hapana. Mimi niliogopa."

Tshibola akafikiri. "Afazali ungecheka," akasema.

Akamwaga chini kilichosalia, akasuuza kikombe, akakifunika juu ya jiwe. Kisha akainuka, akakiondoa kitenge kwenye kamba ingawa kilikuwa hakijakauka, akaingia ndani nacho.

Jumapili asubuhi nyasi za kambi zilikuwa nyeupe kwa umande uliogandishwa na baridi. Delphine alipita mbele ya nyumba ya Tshibola, akasimama. Mlango ulikuwa umefungwa, moshi haukuonekana. Akatafuta neno la kuita. Hodi lilikuwa neno la mgeni. Lile lingine, moyo, aliliogopa. Kengele ikapigwa, naye akaenda bila kuita lolote.

Alipoingia kanisani hakwenda mbele. Aliketi penye benchi la mwisho, karibu na mlango, ambapo baridi ilipanda miguuni kama maji ya kisima. Wageni wengine wawili watatu walijisogeza kumpisha, wakamtazama kwa mashaka. Paulin akaja haraka.

"Mama Delphine, mahali pako ni mbele."

"Niko hapa, Mwalimu."

"Hapa ni pa wageni."

"Najua."

Katekista akaitazama safu ya mbele. Katika yote aliyojifunza Baudouinville, hapakuwa na kanuni ya mbatizwa aliyekataa kuketi mbele. Akaufungua mlango wazi kabisa ili jua liwape watu joto, akaondoka. Mama Adolphine alikuwa amegeuka kutoka safu ya mbele. Hakucheka, alimtazama tu Delphine, na nafasi tupu kando yake, na Delphine tena, mpaka jirani yake akamvuta mkono.

Misa ikaendelea. Baada ya mahubiri, Paulin akasimama penye ngazi ya altare na medali zake, akaanza kuwaita akina mama, kila mmoja na rafiki yake. Walipita wawili wawili, viatu vikilia juu ya saruji. Madeleine na dada wa mumewe. Jeanne na msichana aliyefika kutoka Kambove. Mama Adolphine na mwanamke mnene aliyelia tangu aitwe mpaka aliporudi.

"Mama Delphine," Paulin akaita, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akasita.

Delphine hakuinuka. Alikuwa akitazama chini. Jua la asubuhi, ambalo bado lilikuwa karibu na ardhi, lilikuwa limeingia mlangoni na kulala juu ya saruji, na ndani ya mwanga huo palikuwa na kivuli cha mtu aliyesimama mbali uani, kirefu mno, chembamba, kitenge kimerushwa begani kama Tshibola alivyozoea. Hakikuja mbele, wala hakikurudi nyuma. Mtu mwenyewe alikuwa nje bado, lakini kichwa cha kivuli chake kilikuwa kimekwisha kuvuka kizingiti, kikafika mpaka mguuni pa benchi.

"Mama Delphine," Paulin akaita mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, kama aulizaye.

Hakujua ainuke au angoje. Hakujua ageuke, na akigeuka aseme nini. Alijisogeza tu kidogo kwenye benchi, kisha akaiinua miguu yake, mmoja baada ya mwingine, ili asikikanyage kivuli kile.